Skrini Nyeusi Si Kifo cha Kompyuta: Majibu kwa Madai Saba kuhusu Draiva za Michoro kwenye Linux ya Flashi

Unachomeka flashi yenye Ubuntu au Linux Mint kwenye laptop yenye kadi ya michoro ya NVIDIA, unachagua kuijaribu bila kusakinisha. Menyu inatokea, nembo inapita, kisha skrini inakuwa nyeusi na kubaki hivyo huku feni ikivuma. Ukiomba msaada, ushauri unamiminika: weka nomodeset, zima Secure Boot, pakua draiva ya kampuni, kadi imeungua, achana na Linux.

Mengi ya mashauri hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Kasoro yake ni kwamba yanatanguliza tiba kabla ya uchunguzi. Nayajibu hapa moja baada ya jingine kwa sababu yanawagharimu watu. Yupo mwanafunzi anayemaliza bando akipakua draiva itakayofutika pindi akizima mashine. Yupo mnunuzi wa laptop ya mtumba, Kariakoo au Luthuli Avenue, anayeikataa Dell Precision nzima kumbe tatizo ni la programu. Yupo mwenye mfumo uliogoma kuwaka, ambaye flashi hiyo ndiyo njia yake ya mwisho ya kuokoa picha na nyaraka zake.

Dai la kwanza: "Skrini ikiwa nyeusi, kadi imekufa au Linux haiiwezi."

Kadi iliyokuonyesha menyu ya kuanzia haijafa. Menyu hiyo imechorwa kupitia UEFI, programu ya msingi ya mashine, ambayo huandaa eneo rahisi la picha bila kuhitaji draiva ya Linux. Giza linakuja baadaye, pale kerneli inapopakia draiva yake na kuikabidhi skrini. Kwa kadi za NVIDIA draiva hiyo ni nouveau, draiva huria iliyoingizwa kwenye kerneli mwaka 2010. Ikishindwa kuielewa kadi au kupanga ukubwa wa picha, skrini huzimika ingawa mfumo wenyewe unaendelea kufanya kazi nyuma ya giza hilo.

Jambo hili linapimika. Bonyeza Caps Lock uone kama taa yake inawaka na kuzima. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja; mara nyingi utapata skrini ya maandishi, na kwenye Ubuntu ya flashi mtumiaji ni `ubuntu`, bila nenosiri. Hata hilo likigoma, rudi kwenye menyu, simama kwenye mstari wa kuanzia, bonyeza herufi `e`, ufute maneno `quiet splash` katika mstari unaoanza na `linux`, kisha uwashe kwa F10. Badala ya nembo utaona maandishi yakipita, na pale yanapokwama ndipo penye habari.

Ukikuta maneno `nouveau 0000:01:00.0: unknown chipset`, umeshajibiwa: kadi ni mpya kuliko kerneli iliyomo kwenye flashi. Tiba ni kutengeneza flashi yenye toleo jipya zaidi la Linux. Kadi za AMD huangukia shimo hilohilo. Draiva yake, amdgpu, ni huria na imo ndani ya kerneli, lakini kadi iliyotoka mwaka huu haitatambuliwa na flashi ya miaka mitatu iliyopita. Hapo kutafuta draiva funge, yaani ile ya kampuni isiyo huria, ni kupoteza muda.

Dai la pili: "Ongeza nomodeset, kazi imekwisha."

Nomodeset inafungua mlango, na kwa hilo inastahili heshima yake. Ndiyo iliyojificha nyuma ya kipengele cha "safe graphics" kwenye menyu ya Ubuntu, na Mint na Fedora nazo zina vipengele vya kazi hiyohiyo. Lakini ielewe inafanya nini: inazikataza draiva za michoro za kerneli zisiishike skrini. Mfumo unabaki na lile eneo la picha lililoandaliwa na UEFI, na kazi yote ya kuchora madirisha inabebwa na prosesa.

Matokeo yake utayaona mara moja. Ukubwa wa picha umeganda pale ulipowekwa na UEFI. Video inakatikakatika. Skrini ya pili haitambuliwi, mwanga wa skrini kwa kawaida haupungui wala kuongezeka, na laptop ikilala huenda isiamke vizuri. Mtu asiyejua sababu atasema Linux ni nzito, kumbe amezima draiva kwa mkono wake mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni nomodeset kusahaulika humo. Kwenye Ubuntu, mstari wa kuanzia huwa na vistari vitatu, `---`. Vigezo vinavyoandikwa baada ya vistari hivyo ndivyo kisakinishi huvihamishia kwenye mfumo utakaosakinishwa. Ukiiandika nomodeset upande huo, utaikuta imehamia kwenye diski, nawe utahangaika kutafuta kwa nini mfumo mpya bado unajikokota. Ikague kwenye faili la `/etc/default/grub`, uifute, kisha uendeshe `sudo update-grub`. Tumia nomodeset kuingia ndani na kusoma ushahidi, halafu uiondoe.

Dai la tatu: "Laptop yenye kadi ya NVIDIA haiwezi kuwaka vizuri bila draiva ya NVIDIA."

Dai hili linasahau kwamba laptop nyingi za aina hiyo zina kadi mbili. Ipo ya Intel au AMD iliyomo ndani ya prosesa, na ipo ya NVIDIA pembeni kwa kazi nzito. Katika mashine nyingi kioo cha laptop kimeunganishwa na ile ya kwanza. Maana yake ni kwamba unaweza kuiacha NVIDIA ilale na bado ukafanya kazi bila usumbufu.

Kuna kigezo kimoja ambacho watoa ushauri wengi hawakitaji: `modprobe.blacklist=nouveau`. Kiandike kwenye mstari uleule wa `linux`, mahali ambapo ungeandika nomodeset. Nomodeset inazima draiva zote, hata ile ya Intel isiyo na kosa lolote. Kigezo hiki kinaizuia nouveau peke yake. Draiva ya Intel, i915, inabaki na nguvu zake zote: picha kwa ukubwa wake kamili, video laini, mwanga unaorekebishika. Kwa mtu anayetaka kukagua laptop dukani au kuokoa mafaili, mara nyingi hicho tu kinatosha.

Mipaka yake ni hii. Kwenye baadhi ya laptop tundu la HDMI limeunganishwa na NVIDIA, kwa hiyo skrini ya nje itabaki giza. Ikiwa mipangilio ya BIOS imelazimisha kadi ya NVIDIA peke yake, draiva ya Intel haitakuwa na cha kushika, nawe utabaki na picha ya UEFI kama kwenye nomodeset. Pia kadi isiyo na draiva haizimwi kwa mpangilio mzuri, hivyo betri inaweza kwisha haraka. Lakini umeshaingia kwenye mfumo, unaona, na unaweza kuuliza maswali.

Swali la kwanza la kuuliza ni amri `lspci -nnk`. Itafute NVIDIA kwa namba yake ya utambulisho, `10de`. Intel ni `8086` na AMD ni `1002`. Chini ya kila kadi kuna mstari wa `Kernel driver in use` unaotaja draiva inayoitumikia. Mistari hiyo michache inamaliza ubishi mwingi.

Dai la nne: "Sakinisha draiva ya kampuni kwenye flashi, kisha washa upya."

Huu ndio ushauri unaokula bando za watu. Mfumo unaowashwa kutoka kwenye flashi unasomwa kutoka katika faili lililobanwa ambalo haliandikiki. Kila unachosakinisha kinawekwa kwenye RAM, juu ya faili hilo. Ni ubao wa darasani unaofutwa kila jioni: ukiwasha upya, draiva uliyoipakua kwa mamia ya megabaiti haipo.

Wengine hujibu kwamba dawa ni flashi yenye hifadhi ya kudumu. Hiyo inasaidia mafaili yako na programu za kawaida, lakini draiva ya kadi ina tatizo lake. Kerneli na initrd, yaani ule mfumo mdogo wa mwanzo unaotangulia kupakiwa, kwenye Ubuntu vinasomwa kutoka folda ya `casper` ya flashi, nje ya hifadhi hiyo. Ukiipiga marufuku nouveau kwa faili ndani ya `/etc/modprobe.d`, initrd ya flashi haipati habari, na inaweza kuipakia nouveau mapema kama kawaida. Ukisasisha mfumo na kerneli mpya ikaingia, draiva itajengwa kwa ajili ya kerneli hiyo mpya ilhali flashi inaendelea kuwaka na ile ya zamani. Hapo draiva ipo na haipakiki.

Zaidi ya hapo, nouveau ikiwa tayari imeshika skrini haitaki kutoka. Ukiamuru `modprobe -r nouveau`, utajibiwa kuwa moduli inatumika, kwa sababu dawati lote limesimama juu yake.

Kwa hiyo haiwezekani kabisa? Inawezekana, kwa mpangilio tofauti. Washa flashi ukiwa umeizuia nouveau kwenye mstari wa kuanzia. Ukiingia, angalia kerneli yako kwa `uname -r`, kisha sakinisha draiva pamoja na kifurushi cha moduli kilichokwisha kujengwa kwa kerneli hiyohiyo. Usiwashe upya. Pakia moduli kwa `sudo modprobe nvidia-drm modeset=1`, kisha anzisha upya dawati peke yake; kwa Ubuntu ni `sudo systemctl restart gdm`. Hakikisha RAM inatosha, kwa sababu kila kitu kinaishi humo. Njia hii inamfaa anayetaka kupima kadi yenyewe kabla ya kulipa. Mwenye lengo la kusakinisha Linux kwenye diski asijisumbue nayo: tangu toleo la 19.10, la mwaka 2019, Ubuntu imekuwa ikiweka vifurushi vya NVIDIA ndani ya faili lake la usakinishaji, na kisakinishi kinaweza kuviingiza kwenye diski ukiruhusu draiva za nje. Pop!_OS nayo imekuwa na faili lake maalumu lenye draiva ya NVIDIA tayari.

Dai la tano: "Zima Secure Boot, haina kazi yoyote."

Secure Boot inakagua saini ya kinachopakiwa mashine inapowaka, na Ubuntu, Mint na Fedora zinawaka nayo bila taabu. Inachokikataa ni moduli ya kerneli isiyo na saini inayotambulika. Draiva ya NVIDIA iliyojengwa hapohapo kwenye mashine yako inaweza kuwa ya namna hiyo. Dalili yake iko wazi: ukijaribu kuipakia unapata `Key was rejected by service`. Bila maneno hayo, au mengine ya kukataliwa kwa saini, huna sababu ya kuishuku Secure Boot. Angalia hali yake kwa `mokutil --sb-state` kabla ya kugusa BIOS.

Njia ya kwanza ya kuishinda ni kutumia moduli zilizokwisha kutiwa saini na Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, zinazopatikana kwenye hifadhi za Ubuntu. Njia ya pili ni kusajili ufunguo wako mwenyewe. Mfumo unakuomba nenosiri, unawasha upya, na skrini ya buluu inakuuliza kama unataka kuingiza ufunguo huo. Ukichelewa sekunde chache tu inapita, na watu wengi hudhani wamekosea mahali pengine. Njia hii ya pili inahitaji kuwasha upya, kwa hiyo haifai kwenye flashi isiyo na hifadhi: ukirudi, moduli iliyosainiwa kwa ufunguo huo haipo tena.

Kuzima Secure Boot kunaruhusiwa pale mashine ni yako na unajua unachofanya. Lakini kumwambia mtu aizime bila kumwuliza kama Windows yake imefungwa kwa BitLocker ni uzembe. Windows ikigundua badiliko hilo inaweza kudai namba ya kurejesha yenye tarakimu 48. Asiyekuwa nayo anafungiwa nje ya diski yake, na mafaili aliyotaka kuyaokoa yanakuwa mbali kuliko mwanzo.

Dai la sita: "Chukua draiva mpya kabisa kutoka kwenye tovuti ya kampuni."

Upya wa draiva hauna maana kama haiijui kadi yako. NVIDIA huacha kuzihudumia kadi za zamani na kuzibakiza kwenye matawi ya nyuma. Kadi za kizazi cha Fermi zinaishia tawi la 390. Za Kepler zinaishia 470. Za Maxwell na Pascal zinaishia 580. Ukisakinisha tawi linalofuata, moduli itajaribu kupakiwa, itatafuta kadi inayoifahamu, na itakosa.

Hili linatugusa moja kwa moja. Laptop za kazi nzito zinazofika madukani kwetu zikiwa zimeshatumika ng'ambo mara nyingi zina kadi za Quadro za umri huo. Dell Precision M4800, kwa mfano, ilitoka na kadi kama Quadro K1100M, ya kizazi cha Kepler. Mwenye mashine hiyo akiambiwa achukue draiva mpya kabisa, anapelekwa kwenye giza jingine. Tena matawi ya zamani hayajengeki kwa urahisi kwenye kerneli mpya, kwa hiyo kadi kama hiyo inaweza kutumika vizuri zaidi kwa nouveau, au kwa toleo la Linux lenye kerneli ya wakati wake.

Lile faili la `.run` la kampuni nalo lina masharti. Linahitaji kikusanyaji cha msimbo na mafaili ya vichwa ya kerneli ileile inayotumika, na linaweka vitu nje ya utaratibu wa vifurushi. Kwenye flashi ni mzigo usio na faida. Kwenye Ubuntu iliyosakinishwa, `ubuntu-drivers devices` inakutajia tawi linalokufaa, nawe unachagua kutoka humo.

Dai la saba: "NVIDIA ilishafungua msimbo, matatizo haya ni ya zamani."

Mei 2022 NVIDIA ilitoa msimbo wa moduli zake za kerneli kwa leseni huria, kuanzia toleo la 515. Ni hatua ya kweli na inastahili kupongezwa. Lakini moduli hizo zinahudumia kadi za kizazi cha Turing, cha mwaka 2018, na zilizofuata. Sehemu inayochora michoro yenyewe, ile iliyo juu ya kerneli, imebaki imefungwa. Na moduli hizo si sehemu ya kerneli ya kawaida, kwa hiyo flashi nyingi bado zinaanza na nouveau.

Uzito wa nouveau nao una historia inayopaswa kusemwa kwa haki. Kuanzia kadi za mfululizo wa GTX 900, za mwaka 2014, NVIDIA ilidai fimwea yenye saini yake ili kadi ikubali amri muhimu. Watengenezaji wa nouveau hawakuwa na fimwea ya kupandisha kasi, kwa hiyo kadi zilibaki kwenye mwendo ziliowashwa nao. Hawakushindwa kwa uvivu. Kerneli 6.7, ya Januari 2024, iliwezesha nouveau kutumia fimwea ya GSP, prosesa ndogo iliyomo kwenye kadi za Turing na kuendelea, na hali ya kadi hizo inaboreka. Kadi za Maxwell na Pascal, ambazo bado zimejaa mikononi mwa watu, hazimo katika nafuu hiyo.

Kinachopaswa kufanywa

Kuwasha Linux kwa flashi kuna kazi mbili: kuona na kutambua. Draiva funge ni ya kazi ya tatu, kusakinisha, na makazi yake ni kwenye diski. Madai haya yote yanapotoka pale yanapozichanganya kazi hizo.

Utaratibu basi ni huu. Futa `quiet splash` usome. Jaribu `modprobe.blacklist=nouveau`. Ikishindikana, tumia nomodeset kwa muda. Ukishaingia, endesha `lspci -nnk`, `mokutil --sb-state` na `sudo dmesg | grep -iE "nouveau|nvidia"`, na uhifadhi majibu kwenye flashi nyingine, kwa sababu kumbukumbu za mfumo nazo hufutika ukizima. Baada ya hapo ndipo uamue: flashi yenye kerneli mpya zaidi, tawi sahihi la draiva, saini, au kuiacha NVIDIA ilale.

Nanyi mnaojibu maswali ya watu, kwenye kibanda cha ufundi au kwenye kundi la WhatsApp, mna wajibu. Mtu akisema skrini yake ni nyeusi, mwombeni kwanza majibu ya amri hizo tatu. Ni maandishi ya kunakili tu, hayali bando, na yanamwepusha mtu kutupa kadi nzima au kujifungia nje ya diski yake kwa kufuata amri aliyopewa bila kuulizwa lolote.